Kaa Kwanza Uhesabu: Somo kwa Kijana Mwenye Ufaulu Mzuri Anayetafuta Chuo cha Uuguzi



Wapendwa vijana, tarehe 14 Julai Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Na ndio wakati huu huu vijana wengi waliomaliza kidato cha nne wanahangaika na maombi ya vyuo. Kwenye simu yangu sasa hivi, kati ya meseji kumi za vijana, nne au tano zinauliza kitu kimoja: "Frateri, nimefaulu, nataka kusoma uuguzi, niende chuo gani?" Kwa hiyo leo tusome pamoja juu ya jambo hilo. Chukua Biblia yako, chukua na karatasi na kalamu, maana leo tutapiga hesabu pia.

Neno la kusoma: Luka 14:28-30 na Luka 10:33-35

Nianze na kisa. Niko Itigi kwa mwaka wa kichungaji. Jioni moja baada ya jumuiya alikuja mzee mmoja na binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne. Binti ana daraja la kwanza. Kemia, Baiolojia na Fizikia zote kafaulu vizuri. Anataka kuwa muuguzi tangu alipomuuguza bibi yake wodini, hapa hapa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar.

"Frateri," mzee akaniambia, "mtoto wa divisheni wani nimwache hapa Itigi? Watu watasema nini? Kuna chuo Dar es Salaam, chuo kikubwa, jina lake linajulikana. Nimeshapata mtu wa kununua shamba."

Nami, jamani, nikajibu kama mtu aliyekariri: "Mzee, elimu haina bei." Mzee akafurahi. Binti akanyamaza.

Walipoondoka, yule binti akarudi peke yake hadi mlangoni. Akasema, "Frateri, samahani. Lile shamba la alizeti ndilo tunalokula. Nina wadogo zangu watatu."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza kwa nini nilisema elimu haina bei, wakati bei ipo na imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Jibu nililopata lilinitia aibu. Mimi nimesomeshwa kwa michango ya waamini na kwa msaada wa Kanisa. Kuna wamama waliotoa noti ya elfu moja iliyokunjwakunjwa ili mimi nisome falsafa. Sijawahi kuuza hata kuku kwa ajili ya ada yangu. Ni rahisi sana kusema elimu haina bei kama anayelipa ni mtu mwingine.

Kesho yake nikaenda nyumbani kwao, nikaomba tuanze upya. Haya ninayoandika hapa ndiyo tuliyozungumza, na mengine nimeyaongeza kwa faida ya wote.

1. Kuhesabu gharama si kukosa imani

Kuna vijana wanafikiri ukimwamini Mungu hutakiwi kuuliza bei. "Mungu atafungua njia." Ni kweli, Mungu hufungua njia. Lakini tazama Yesu anavyofundisha katika Luka 14. Anauliza ni nani kati yetu anayetaka kujenga mnara asiyekaa kwanza na kuhesabu kama anazo fedha za kuumalizia, asije akaweka msingi, akashindwa, na watu wakamcheka. Hapo Yesu anazungumzia gharama ya kumfuata yeye, si ada ya chuo. Ila mfano wenyewe unafanya kazi kwa sababu kila msikilizaji alijua kwamba mjenzi mwenye akili hukaa chini na kuhesabu. Yesu haoni kosa lolote katika kuhesabu. Anayestahili kuchekwa ni yule asiyehesabu.

Sasa soma Luka 10, Msamaria Mwema. Huyu tunaweza kumwita muuguzi wa kwanza wa Injili: alisafisha majeraha kwa divai na mafuta, akayafunga, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamhudumia. Kesho yake akafanya nini? Akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba kikizidi chochote atalipa akirudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (linganisha Mathayo 20:2). Kwa hiyo Msamaria alijua anacho kiasi gani, akatoa cha kutosha kwa sasa, akapanga namna ya kulipa kilichobaki. Maandiko hayasemi kwamba alimuuza mnyama wake. Angemuuza, safari yake ingeishia pale pale, na kesho yake asingeweza kumsaidia mwingine.

Lile shamba la alizeti ndilo mnyama wa mzee wetu. Linabeba watoto wanne.

2. Lengo limeshapatikana, sasa tunatafuta njia

Hapa naomba mniruhusu falsafa kidogo. Aristotle anasema hatufanyi shauri juu ya lengo, tunafanya shauri juu ya njia za kulifikia. Mfano wake mmoja ni tabibu: tabibu hakai kujiuliza kama amponye mgonjwa au la. Hilo limeshaamuliwa. Anajiuliza amponyeje.

Binti yetu ameshaamua kuuguza wagonjwa. Hilo ndilo lengo, na ninaamini ni wito. Chuo ni njia tu. Tatizo linaanza pale njia inapogeuzwa kuwa lengo, yaani familia inaacha kuuliza "ni wapi atakuwa muuguzi mzuri?" na kuanza kuuliza "ni chuo gani tukikitaja watu watashangaa?" Mgonjwa mwenye homa kali saa nane za usiku haulizi dada aliyemshika mkono alisoma wapi. Anataka mkono unaojua kazi.

Mtakatifu Kamili mwenyewe alikuwa askari na mcheza kamari. Alipoteza kila kitu kwenye kamari, akabaki ombaomba. Uuguzi alijifunza hospitalini Roma, kwanza akiwa mgonjwa mwenye kidonda cha mguu kisichopona, kisha akiwa mtumishi wa wagonjwa. Alijifunza kitandani pa mgonjwa. (Na kaka zangu mnaofikiri uuguzi ni kazi ya akina dada, mtazameni askari huyu.)

3. Hatua tatu za busara

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo bora, na kuiamuru nafsi itende. Tuzifuate moja moja.

Hatua ya kwanza: tafuta shauri (uliza)

*Uliza njia ziko ngapi.* Kijana wa kidato cha nne mwenye ufaulu mzuri ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Sifa ya kujiunga ni ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nafasi. Ya pili ni kwenda kidato cha tano na sita, halafu shahada ya uuguzi chuo kikuu, miaka minne, na baada yake mwaka wa mazoezi ya kazi. Usiidharau njia hii kwa sababu ni ndefu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali imefutwa, na chuo kikuu unaweza kuomba mkopo. Kwa familia nyingine hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote. Ujue pia kwamba aliyeanza na stashahada hajafungiwa mlango: akimaliza na wastani mzuri, GPA ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada baadaye, hata akiwa kazini.

*Uliza usajili.* Hili ni la kwanza kabla ya ada, kabla ya majengo, kabla ya matangazo. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET? Na kozi yenyewe ya uuguzi, je, imeidhinishwa? Ukimaliza utatakiwa kufanya mtihani wa leseni na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Bila hapo, cheti ni karatasi tu. Namfahamu kijana mmoja, ndugu wa rafiki yangu, aliyelipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo kimoja cha mjini ambacho kozi yake haikuwa na kibali. Alijua hayo mwaka wa pili. Mama yake alikuwa ameuza mashine ya kushonea. Orodha ya vyuo ipo wazi kwenye tovuti ya NACTVET. Kuiangalia kunachukua dakika tano na kifurushi kidogo cha intaneti.

*Uliza hospitali ya mazoezi.* Uuguzi haujifunzwi ubaoni peke yake. Wanafunzi watafanyia mazoezi hospitali gani? Iko umbali gani? Nauli analipa nani? Wanafunzi wangapi wanagawana wodi moja? Hapa ndipo vyuo vingi vya mikoani vina utajiri ambao watu hawauoni. Mfano ni hapa Itigi: chuo kipo pamoja na Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu, na wagonjwa wanafika kutoka mbali, wengine kwa treni, wengine kutoka huko Rungwa. Mwanafunzi anaona uzazi, malaria, ajali, watoto wachanga, wazee. Ukitoka nje kidogo kuna vyuo vya serikali kama Kiomboi kule Iramba, Mirembe pale Dodoma, na Nzega mkoani Tabora. Kuna na vya makanisa mengine vinavyokaa na hospitali zao: Mvumi, Nkinga, Haydom. Sisemi chuo fulani ndicho bora. Nasema wengi wetu tunaitazama Dar es Salaam hadi tunashindwa kuona vilivyo jirani.

*Uliza waliosoma pale.* Mtafute muuguzi mmoja au wawili waliohitimu, wanaofanya kazi. Waulize: walimu wapo? Mnafika wodini kweli? Kuna malipo ambayo hayakuandikwa kwenye fomu? Tangazo la chuo halitakuambia hayo.

Hatua ya pili: hukumu (piga hesabu)

Kosa kubwa nililoliona kwa wazazi na vijana ni kulinganisha ada peke yake. Ada ni sehemu tu ya gharama. Chora mistari kwenye karatasi, uandike: ada, hosteli, chakula, sare na viatu vya wodini, vitabu na vifaa, bima ya afya, ada za mitihani na usajili, nauli za likizo, gharama za mazoezi. Jumlisha. Halafu zidisha kwa 3, maana hakuna anayesoma mwaka mmoja.

Tuchukue mfano wa kujifunzia (tarakimu hizi nimezitunga, wewe weka za kweli za vyuo vyako). Chuo cha kwanza kiko mbali: ada 1,200,000, hosteli na chakula 1,300,000, nauli na mengineyo 400,000. Jumla kwa mwaka ni 2,900,000, na kwa miaka mitatu 8,700,000. Chuo cha pili kiko karibu na nyumbani: ada 1,600,000, unalala kwenu na chakula unachangia 300,000, mengineyo 250,000. Jumla kwa mwaka ni 2,150,000, na kwa miaka mitatu 6,450,000. Umeona? Chuo chenye ada kubwa ndicho nafuu, tena kwa 2,250,000. Kwa binti mwingine ambaye kwao hakuna chuo, au chuo chenyewe kinalazimisha hosteli, hesabu ingegeuka kabisa. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kukujibu kwa meseji "nenda chuo fulani." Wewe ndiye mwenye tarakimu.

Kisha andika upande wa pili: hela zitatoka wapi? Mazao, mshahara, mjomba aliyeahidi (muulize tena, kwa upole, kama bado anakumbuka), na mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo baadhi ya kozi za afya; angalia kwanza kama uuguzi umo kwenye orodha ya mwaka wako. Wengi huku kwetu hawajui hili, wanadhani mkopo ni wa chuo kikuu tu. Anza mapema kuandaa nyaraka: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Ila kumbuka mambo mawili. Kuomba si kupata, kwa hiyo usijenge mnara wote juu ya mkopo. Na mkopo ni deni. Utaulipa ukianza kazi, na kulipa deni ni haki, ili na mdogo wako apate.

Mwisho wa hesabu, jiulize swali hili: mwaka wa pili mvua ikigoma na alizeti isipotoka, bado nitaweza kubaki chuoni? Sisi watu wa Singida tunaijua mvua yetu. Kijana anayefukuzwa ada mwaka wa pili amepoteza hela za mwaka wa kwanza pia.

Hatua ya tatu: tenda

Mtakatifu Thoma anasema tendo hili la tatu ndilo kuu. Unakuta kijana ameuliza vizuri, amepiga hesabu vizuri, halafu dirisha la maombi linafungwa yeye bado "anasali kwanza." Sala ni lazima, lakini nayo ina saa yake. Fuatilia tangazo la NACTVET la mwaka wako: kwa kozi za afya za vyuo vya serikali maombi huenda kupitia mfumo wa pamoja, na vyuo vingine huomba chuoni moja kwa moja. Usiweke chuo kimoja tu. Malipo yote yapitie akaunti au namba ya malipo ya chuo, wala usimpe hela mtu anayesema "nina mtu wangu pale ndani." Hiyo ni rushwa, au ni wizi, na mara nyingi ni vyote viwili.

4. Je, ufaulu mzuri unapotea kwenye chuo cha kawaida?

Hili ndilo lililomsumbua mzee, nami nalielewa. Daraja la kwanza kwa mtoto wa mkulima ni jambo kubwa. Lakini hebu tufikiri. Ufaulu ni kipaji pamoja na bidii, na kipaji kimetolewa kwa ajili ya wengine. Kama binti mwenye akili kuliko wenzake atasoma katika mkoa wake na kuuguza watu wa mkoa wake, kuna kilichopotea? Au tunaamini kimoyomoyo kwamba watu wa Itigi wanastahili wauguzi waliobaki baada ya wenye akili kuondoka?

Nilimuuliza mzee swali hilo. Alikaa kimya muda mrefu, akachora chora chini kwa fimbo. Kisha akasema, "Mama yangu aliuguzwa pale. Yule nesi alikuwa na akili sana."

Basi tukakaa watatu na karatasi. Binti ndiye aliyeandika, maana hesabu anaziweza kuliko mimi. Kidato cha tano alikifikiria kweli, akaona kwa hali ya wadogo zake bora aanze na stashahada, shahada aje kuitafuta baadaye. Ameomba vyuo vya serikali vilivyo jirani na chuo cha hapa Itigi, na nyaraka za mkopo ameshaanza kuziandaa. Majibu bado. Ninapoandika haya hatujui atapangiwa wapi, na inawezekana mwakani akalazimika kukaa nyumbani mwaka mmoja. Shamba halijauzwa. Mbuzi wawili wameuzwa kwa ajili ya picha, fomu na nauli, na mzee aliniambia hilo kwa kicheko: "Frateri, hao ndio dinari mbili."

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye kikundi cha TYCS na VIWAWA)

1. Chuo ninachokitaka, nakitaka kwa ajili ya wagonjwa nitakaowahudumia au kwa ajili ya maneno ya watu?
2. Je, nimewahi kukaa na wazazi wangu na kuandika gharama zote kwenye karatasi? Kama bado, nitafanya lini wiki hii?
3. Nani nyumbani ananyamaza wakati masomo yangu yanapojadiliwa? Nimemuuliza anafikiri nini?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wagonjwa kwa mikono yako, tunakushukuru kwa akili na afya uliyotupa. Utujalie busara ya kuuliza, unyenyekevu wa kuhesabu, na ujasiri wa kutenda. Uwabariki wazazi wanaouza mazao na mifugo ili sisi tusome, na watu wasiotujua wanaotoa sadaka kwa ajili yetu. Usiruhusu tuwasahau siku tutakapovaa sare nyeupe. Amina.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, utuombee.
Mtakatifu Gaspar del Bufalo, utuombee.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Itigi